Pembe ya Pili

Sikumsikia akipanda ngazi. Mimi ambaye nusu ya Mwanza inanijua kwa sababu ya masikio yangu, sikumsikia. Tulikuwa katikati ya simfoni ya tatu, nimefumba macho, nimeinua kidole kuwaonyesha wenzangu mahali ninapopapenda, na nilipofumbua macho Nkwabi Shimba alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi.

Miaka minne nilikuwa nimemwandalia maneno ya siku hiyo. Mengine makali, mengine, Mungu anisamehe, ya kubembeleza. Yote yalinikimbia. Nilichoweza kuona ni ile alama ndogo juu ya mdomo wake, alama ambayo chuma cha pembe, ile ala ya shaba ya kupuliza, humwachia mpigaji, na nikakumbuka kwamba zamani nilikuwa naigusa kwa kidole.

"Endeleeni," alisema. "Msisimamishe kwa ajili yangu."

Lakini Mama Shamshudin alikuwa ameshanyoosha mkono na kuuzima muziki.

Chumba kile kilikuwa chake. Jina lake ni Dilshad, ila sote tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Chini aliuza taa, nyaya na feni. Juu, marehemu mumewe alimwachia spika mbili ndefu kama makabati na kochi la ngozi lililopasuka. Kila Jumamosi saa kumi jioni tulikutana hapo watu wanane, siku nyingine kumi, kusikiliza muziki wa okestra, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelekeza. Kesho yake, Jumapili saa tisa alasiri, niliyasema yale yale katika kipindi changu redioni, kwa watu wengi zaidi nisiowaona.

Agosti hiyo tulikuwa na CD moja tu. Simfoni tatu za Haydn, zimepigwa na okestra ndogo ya Ujerumani, watu thelathini hawafiki. Shamshudin aliituma kwa mama yake kutoka Uingereza. Niliipenda kuliko nilivyotaka kuipenda. Okestra kubwa huujaza muziki ule vayolini nyingi mpaka unakuwa kama sebule iliyojaa makochi, sakafu huioni. Hawa walikuwa wachache, na kwa hiyo kila mmoja alionekana: filimbi ya mti ikijibizana na vayolini, ngoma zikigongwa kwa fimbo kavu. Na pale mtungaji alipokata wimbo katikati ili kututania, walikiacha kimya kikae mpaka mtu acheke. Mwalimu Venant, anayefundisha kwaya parokiani kwetu, alicheka kila mara, hata tulipokuwa tunairudia mara ya tano.

Na ndani ya kijitabu cha ile CD, katika orodha ya wapigaji, kulikuwa na jina moja lisilo la Kizungu. Nkwabi Shimba, pembe ya pili.

"Karibu, Nkwabi," alisema Mama Shamshudin. "Hatukujua umerudi."

"Shikamoo, mama. Nina wiki ya tatu sasa. Nipo likizo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai, mama. Nimekuja kumsikiliza mtaalamu." Akanigeukia. "Jumapili sikukusikia vizuri, Teodora. Tulikuwa na wageni nyumbani. Nimekuja unirudie."

Aliniita Teodora. Enzi zetu nilikuwa Teo.

"Kipindi hakirudiwi," nilisema.

"Sentensi moja tu."

"Sentensi ipi?"

"Usinifanye mjinga mbele ya watu. Umeshafanya hivyo mara moja, inatosha."

Kila mtu chumbani aliijua sentensi yenyewe. Mwalimu Venant alianza kuangalia viatu vyake. Nilikuwa nimesema, kwa ile sauti yangu nzuri ya redioni, kwamba okestra hii inapendeza kwa kila kitu isipokuwa kimoja: katika sehemu ya polepole ya simfoni ya kwanza, mpiga pembe wa pili anapuliza kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo ukumbini. Sikumtaja jina. Sikuhitaji. Parokia iliyomlea katika bendi yake ya matarumbeta ilijua ninamsema nani.

"Nilisema pembe ya pili ina woga," nilimwambia. "Na nikisikiliza leo nitasema hivyo hivyo. Ukitaka kusifiwa tu, wapigie shangazi zako."

"Shangazi zangu walikuwepo. Hao ndio wageni ninaokwambia." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama aliwaita. Aliwaita na majirani, akatoa redio nje, akachinja kuku, kwa sababu nilimwambia muziki wetu utapigwa Mwanza na atakayeueleza ni wewe. Unajua alisema nini kabla hujaanza? Alisema, huyu binti ni mtu wa haki, hata kama nyumbani kwao haki haipo. Halafu ukafungua kinywa."

Nilikigeuza kile kijitabu mezani, kifuniko chini.

"Sikujua habari za mama yako."

"Hukuuliza. Miaka minne umekaa kimya, na siku unayofungua kinywa juu yangu, unakifungulia redioni."

"Mimi ndiye niliyekaa kimya?" Nilisimama. "Nani aliondoka bila kuaga, Nkwabi? Nilikuwa Mwaloni nanunua dagaa, mwanamke nisiyemjua ananiambia, dada, mwenzio kapanda ndege jana. Nimeshika mfuko wa dagaa, nimesimama katikati ya soko, watu wananipiga vikumbo. Hukuniandikia hata mstari mmoja."

"Na nani alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, wakati baba yake anamwambia mama yangu kwamba hawezi kumpa binti yake mtu anayeishi kwa kupuliza? Mama alikuja na mjomba, wamevaa nguo za kanisani. Hawakuambiwa hata wakae. Mimi nilikuwa nje ndani ya gari, nakuona kupitia dirishani, nasikia kila neno. Sikuwa namsikiliza baba yako. Nilikuwa nasubiri sauti yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono mapajani, nikijiambia kwamba baba akipoa nitasema naye. Siku tatu baadaye Nkwabi alikuwa angani.

"Usihamishe mazungumzo," nilisema. "Tulikuwa tunazungumzia pembe."

"Haya. Tuzungumzie pembe." Akamgeukia mwenye chumba. "Mama, nakuomba uweke ile sehemu ya polepole. Teodora atuonyeshe woga uko wapi."

"Wanangu," alisema Mama Shamshudin, "haya si mambo ya kusemea dukani kwangu."

"Weka, mama," nilisema mimi.

Nilikuwa na hakika. Nataka ieleweke hivyo. Sikuwa nadanganya wakati ule, nilikuwa naamini kila nilichokisema.

Muziki ukaanza. Vayolini zilikuwa zimezibwa kidogo ili sauti iwe ya chini, kama watu wanaozungumza karibu na mgonjwa. Obo, zumari la okestra, ikaingia, ikaimba peke yake, na nyuma yake pembe mbili zikaitandikia sauti ndefu. Nilinyoosha kidole.

"Hapo. Umesikia? Ya pili inaingia nyuma ya mwenzake. Na hapo tena, noti imekatwa kabla ya kuisha. Anayejiamini haiachi noti namna hiyo. Mkono unatetemeka. Pumzi yenyewe inatetemeka."

"Una hakika."

"Nina masikio."

"Mbele ya hawa wote, una hakika kwamba huyo unayemsikia ni mimi."

"Jina lako limeandikwa."

"Sikuulizi kilichoandikwa."

Kuna kitu katika namna alivyosimama kilichoniambia nirudi nyuma. Sikurudi.

"Nina hakika," nilisema.

Alikichukua kile kijitabu mezani, akafungua ukurasa wa mwisho. Hakunipa mimi. Alimpa Mwalimu Venant.

"Mwalimu, nisomee tarehe walizorekodi simfoni ya kwanza."

Mwalimu alivaa miwani. "Tarehe kumi na moja mpaka kumi na tatu Julai. Mwaka juzi."

"Na baba yangu tulimzika lini? Wewe ndiye uliyeongoza kwaya."

Mwalimu Venant aliisoma tarehe ile tena. Kisha akavua miwani taratibu.

"Tarehe kumi na mbili," alisema. "Ilikuwa Jumatano."

"Siku hiyo nilikuwa Busisi nimeshika koleo," Nkwabi alisema. "Kwenye kiti changu walimweka mtu wa kuazima, hajawahi kupiga nao hata siku moja. Alikuwa na woga, ni kweli kabisa. Jina langu lilibaki kwa sababu simfoni mbili nyingine nilirudi nikazipiga. Kwa hiyo masikio yako hayana tatizo, Teodora. Woga uliusikia. Mwenye woga ndiye uliyejichagulia."

Muziki ulikuwa bado unaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuuzima.

"Tarehe hiyo unaijua," aliendelea. "Ulijua baba amefariki. Ulikuwa mjini. Hukuja."

"Nilifika Kigongo," nilisema, na sauti ilinitoka ndogo. "Nilifika mpaka kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Nikashindwa kupanda."

"Kivuko kilikuwa kinavuka siku nzima."

Mama Shamshudin akainuka kwenda kuzima, lakini Nkwabi akamwomba tena, kwa adabu, aweke simfoni ya tatu, ile sehemu ya kucheza, pale nilipokuwa nimeinua kidole alipoingia. Ikapigwa. Vayolini zilinyamaza, pembe ikashuka peke yake, chini, chini zaidi, bila haraka, sauti nene kama mtu anayevuka uwanja wa nyumbani kwake gizani na hahitaji taa. Nilikuwa nimeisikiliza labda mara arobaini. Nilikuwa nimeisikiliza jikoni, nimeisikiliza kitandani.

"Jumapili ulisema nini kuhusu hapa?"

"Nilisema hii ndiyo pembe nzuri kuliko zote katika CD hii."

"Ya nani?"

"Nilisema ni ya mpigaji wa kwanza."

"Sauti hiyo iko juu au chini?"

"Chini."

"Na sauti ya chini hupigwa na nani?"

Mimi mwenyewe nilimfundisha Mwalimu Venant jambo hilo, mezani hapo hapo, kwa kalamu na karatasi: wa kwanza hupanda, wa pili hushuka. Ni la kwanza kabisa ambalo mtu hujifunza kuhusu pembe.

"Na wa pili," nilisema.

"Ulipochukia ukasema ni mimi. Ulipopenda ukasema si mimi." Akavaa koti lake. Akatia mikono mifukoni. "Mama, samahani kwa kuwaharibia jioni. Mwalimu, nitakuona kanisani."

Hakuniaga.

Nilibaki nimesimama. Nilitegemea mtu aseme neno, hata la uongo. Mama Shamshudin alitoa CD kwenye mashine, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye kasha lake.

"Leo nenda nyumbani, Teodora," alisema. "Sina hasira na wewe. Ila leo sitaweza kukusikiliza."

*

Baba alikuwa ameshapata habari kabla sijafika nyumbani Igoma. Mzee Alexander Masele ana mashine ya kukoboa mpunga, na pale mashineni hakuna linalopita bila yeye kulijua. Nilimkuta sebuleni anakula, redio iko mezani karibu na sahani. Tangu mama afariki nikiwa darasa la sita, tumeishi hivyo, yeye na mimi na redio.

"Nasikia yule mpulizaji amekufuata mjini," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Amekutukana?"

"Hapana. Alikuja kunionyesha nilipokosea. Na ni kweli nilikosea. Kesho nitasema redioni."

Alitafuna mpaka akamaliza. "Hutasema."

"Nilimsingizia mtu, baba."

"Ulisema alipuliza vibaya. Ni maoni. Kila mtu ana maoni. Ukirudi kuomba radhi, mji mzima utajua ulisema vile kwa kuwa unamfikiria."

"Nilikuwa namfikiria."

Aliweka kijiko chini. Sijawahi kumwogopa baba yangu kwa sababu ya mkono wake, hajawahi kunipiga. Nilikuwa namwogopa kwa sababu alinilea peke yake, akanisuka nywele kwa vidole vyake vya kazi mpaka nikajua kujisuka mwenyewe, na mtu wa namna hiyo ukimpinga unajiona umeiba.

"Baba," nilisema, na niliketi, ili nisiseme nikiwa juu yake. "Siku ile Mama Rebeka alipokuja na kaka yake kuleta posa ya Nkwabi, hukuwaambia wakae. Ulimwambia mwanawe anaishi kwa kupuliza. Nilikuwa chumbani. Ulimkosea yule mama."

"Unasema na nani?"

"Nasema na wewe, kwa heshima. Nilipaswa kusema siku ile."

"Nilikukinga." Sauti yake ilikwaruza. "Mtu hana shamba, hana ng'ombe hata mmoja, ana bomba la shaba. Leo yuko hapa, kesho yuko Ulaya. Na si aliondoka? Niambie, aliondoka au hakuondoka?"

"Aliondoka."

"Basi nilikosea nini?"

"Labda kuhusu mkwe hukukosea, baba. Sijui. Lakini mama wa watu alisimama mlangoni kwetu kama ombaomba, na mimi nilikuwa ndani."

Nilidhani atasema kitu ambacho hatutaweza kukirudisha. Badala yake aliisogeza sahani, akainuka, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Usiku huo sikupata usingizi, na asubuhi tulikwenda misa tukakaa mabenchi tofauti kwa mara ya kwanza.

*

Saa tisa nilikuwa studioni. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nikaziacha mkobani, kwa kuwa kila nilipozisoma zilinifanya nionekane mwema.

Nikawaambia wasikilizaji: wiki iliyopita nilisema mpiga pembe wa pili ana woga, na wengi wenu mlijua ninamkusudia Nkwabi Shimba wa Busisi. Katika simfoni ile siye aliyepiga. Siku ile alikuwa anamzika baba yake. Tarehe zilikuwa zimeandikwa kwenye kijitabu nilichokishika mkononi, na sikuzisoma. Tena nikamsifu mtu mwingine kwa sauti ambayo ni yake. Sikusikia pembe, nilisikia jina. Mtu akishaliweka jina mbele, masikio yanamtii. Naomba radhi kwake na kwa mama yake.

Kisha nikaiweka ile sehemu ya simfoni ya tatu, yote, bila kuizungumzia katikati kama nilivyozoea. Nilivaa hedifoni. Ndani ya hedifoni, kabla tu ya pembe kuingia, husikika mtu akivuta pumzi. Pumzi ile nilikuwa nimelala karibu nayo mchana mmoja mzima juu ya mawe ya Kapripointi, tukiwa na miaka ishirini na mitano, tukilitazama ziwa na kupanga mambo. Niliisikia studioni, nikainamisha kichwa juu ya mashine ili fundi wa mitambo asinione.

Simu ilikuwa mezani, skrini ikitazama juu. Iliingia meseji moja, kutoka namba nisiyoijua. "Nimesikia. Asante kwa upande wa mama. Kwa upande wangu bado."

Niliisoma mpaka maneno yakapoteza maana. Sikuijibu.

*

Jumatatu asubuhi nilipanda gari la Sengerema. Daraja jipya linavuka maji kwa dakika chache, hata hupati muda wa kubadili mawazo, na labda ndiyo maana safari hii nilifika. Nilishuka Busisi. Mwalimu Venant alikuwa amenielekeza: nyumba ya bati jekundu, nyuma yake kuna jiwe kubwa lililolala.

Mama Rebeka alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya hilo jiwe, anakata viazi vitamu kwa ajili ya michembe. Vile alivyokwisha kukata alikuwa amevianika juu ya jiwe, vyeupe, vimejaa kama kitambaa kilichotandazwa. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

Alikata kiazi chote mpaka kikaisha. Akachukua kingine, akakimenya. Nikabaki nimepiga magoti. Kuku alipita kati yetu.

"Marahaba," alisema.

Nikadhani atasema karibu. Hakusema.

"Redioni uliomba radhi kwa kumsingizia mwanangu," alisema. "Nilikusikia. Majirani walikusikia. Hilo limekwisha. Hapa umekuja kuomba radhi ya nini?"

"Ya kukaa kimya, mama. Siku ile mlipokuja kwetu."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa chumbani. Mlango ulikuwa wazi."

Kisu kilisimama. Niliona kwamba hilo hakulijua. Nkwabi, miaka yote minne, hakuwahi kumwambia mama yake kwamba nilikuwa ndani. Alikuwa amenisitiri, na mimi nimekuja kujivua mwenyewe.

"Nilidhani hukuwepo," alisema polepole. "Nilisema, angekuwepo yule binti angetuletea hata kigoda. Nilikuwa nakutetea kwa watu."

"Najua, mama. Usinitetee tena kwa hilo."

"Sitakutetea." Aliinua macho, na yalikuwa makavu na makali. "Nilishona nguo kwa ajili ya siku ile. Sijaivaa tena."

Nililia, ingawa nilikuwa nimeapa nisilie mbele yake, maana machozi ni njia ya kumwomba mtu aache kukasirika. Nilijifuta haraka kwa kiganja. Hakunibembeleza. Alinisogezea beseni kwa mguu, akanipa kisu cha pili.

"Usipige magoti bure," alisema. "Kata."

Nikakata. Tulikata muda mrefu. Jua lilipanda, ziwa kule chini likaanza kumetameta mpaka macho yanauma. Halafu nikasikia hatua, na Nkwabi akatokea pembeni ya nyumba na gunia la viazi begani. Alisimama. Hakuwa na koti wala ule ubaridi wa Jumamosi. Alikuwa amevaa fulana iliyochakaa na alionekana amechoka.

"Umekuja kwangu?" aliniuliza.

"Nimekuja kwa mama yako. Kwako sijui kama nina njia."

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Nimemwambia asubuhi."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Ila alizima mashine, akanisindikiza mpaka barabarani. Akasubiri gari na mimi. Hakunitazama."

Nkwabi alitua gunia. Alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo nami, akawa anavisogeza vipande nilivyokata ili visigusane.

"Bado nina hasira," alisema.

"Na mimi bado ninayo. Uliondoka bila kuaga."

"Ndiyo. Niliondoka bila kuaga." Aligeuza kipande kimoja. "Nilifika mpaka mtaa wenu usiku ule. Niliona taa yako. Nikashindwa kugonga."

Nilimtazama, akanitazama, na hakuna kati yetu aliyetabasamu, lakini hakuna aliyeangalia pembeni pia. Alama ya mdomo wake ilikuwa nyekundu. Alikuwa amepiga pembe asubuhi hiyo.

"Mayu," alimwambia mama yake, "nimrudishe huyu stendi?"

Mama Rebeka hakuinua kichwa. "Michembe inakauka siku nne. Aliyeikata ndiye anayeianua. Alhamisi akija, sitamfukuza. Karibu sitamwambia. Lakini sitamfukuza."

Nkwabi aliendelea kupanga vipande, kimoja kimoja, mpaka akafika nilipokaa.

"Gari la kwanza linatoka Mwanza saa kumi na mbili," alisema. "Likikuacha, la saa mbili huwa linachelewa."